Namna ya Kugawa kwa Haki Nafasi za Kushiriki Shughuli za Shule

Mwalimu anaingia darasani kipindi cha mwisho, anauliza ni nani anayetaka kujiunga na klabu ya mdahalo, anaandika majina ya wanafunzi wanane walioinua mikono, kisha anatoka akiamini kwamba ametoa nafasi kwa wote. Hakumkataza mtu yeyote. Lakini mikono ile minane ni ya nani? Aghalabu ni ya wale ambao kaka na dada zao walipita katika klabu hiyo, wale wasiohitaji kukimbilia gari la kuwarudisha nyumbani, na wale waliokwisha kuzoea kusikia majina yao yakiitwa. Aliyekuwa mgonjwa siku hiyo hakusikia tangazo. Mwenye kigugumizi alilisikia, akainamisha kichwa. Msichana anayengojewa nyumbani ili amwangalie mdogo wake alipiga hesabu ya saa moyoni, akaona haiwezekani. Orodha imekamilika, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusimama na kusema kwamba ameonewa.

Upendeleo wa waziwazi upo, na kila mtu aliyefanya kazi shuleni ameuona: mtoto wa mwalimu anayepata nafasi bila kujaribiwa, mtoto wa mfadhili anayewekwa mstari wa mbele siku ya sherehe. Huo ni rahisi kuutambua, ingawa si rahisi kuukemea. Ninaloshughulika nalo zaidi katika mwongozo huu ni ule usiokusudiwa na mtu, unaotokea siku nyingi kabla ya mchujo, ndani ya tangazo, ratiba, gharama na masharti ambayo hakuna aliyekaa chini kuyafikiria. Maelekezo haya ni ya mwalimu mlezi wa klabu, mwalimu wa michezo, mkuu wa shule, na mzazi aliyemo katika kamati ya shule ambaye angependa kujua aulize nini.

Kuhesabu kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua rejista ya darasa moja na uorodheshe juu yake shughuli zote za shule zilizo nje ya masomo ya kawaida: michezo, kwaya, maigizo, mdahalo, klabu za sayansi na mazingira, ziara za masomo, gwaride, ukaribishaji wa wageni, hata usomaji wa habari asubuhi. Weka alama mbele ya jina la kila mwanafunzi kwa kila shughuli aliyoshiriki mwaka huu. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na matokeo yake hushangaza.

Nilikuwa mlezi wa kikundi cha maigizo katika shule moja kwa miaka mitatu, nikijivunia kwamba mlango wangu haujafungwa kwa mtu. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwa na imani kubwa na majivuno yangu, aliniletea rejista na penseli. Katika darasa la wanafunzi arobaini na wawili, kumi na tisa hawakuwa na alama hata moja. Watano walikuwa na alama nne au zaidi, na mmoja wa hao watano ndiye aliyekuwa mhusika mkuu katika maigizo yangu yote matatu. Nilijaribu kujitetea kwamba mtoto huyo ana kipaji, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwenzangu akaniuliza ni watoto wangapi wengine niliowahi kuwapa ukurasa mzima wa kusoma kwa sauti. Sikuwa na jibu.

Ukishapata majina ya wasio na alama, yatazame kwa utulivu na utafute wanachofanana. Pengine wengi ni wasichana, au wavulana. Pengine ni wanaoishi mbali, wenye ulemavu, waliohamia shuleni katikati ya mwaka, wasiozungumza vizuri lugha ya kufundishia, au wale ambao michango yao huchelewa. Usiwaite mbele ya darasa na kuwauliza kwa nini hawashiriki, kwa kuwa swali hilo hadharani huwa kama shtaka. Zungumza na mmoja mmoja, na umuulize maswali mawili tu: kuna shughuli ambayo ungependa kuwemo, na ni kitu gani kinakuzuia? Wapo watakaokwambia hawataki, na hilo ni jibu halali linalopaswa kuheshimiwa. Shabaha ya kuhesabu ni kujua ni wangapi kati ya wasioshiriki walioamua wenyewe na ni wangapi walioamuliwa na mazingira. Kulazimisha kila mtoto avae jezi si haki, ni adha.

Kutenganisha shughuli za wote na shughuli za mchujo

Mkanganyiko mkubwa katika shule nyingi unatokana na kutotofautisha mambo mawili. Kuna shughuli ambazo mwanafunzi huzifanya ili ajifunze, acheze na akue pamoja na wenzake, na kuna zile ambazo anafanya kwa niaba ya shule mbele ya shule nyingine. Za kwanza hazina sababu ya kuwa na mchujo. Za pili zinaweza kuwa nao, kwa sharti kwamba mchujo wenyewe uwe wa haki. Dhuluma huingia pale ambapo timu ya ushindani inakuwa ndiyo shughuli pekee iliyopo, yaani ambapo uwanja, mipira na muda wa mwalimu vyote ni vya wachezaji kumi na wanane wa kikosi, na wengine mia tatu wanaruhusiwa kushangilia.

Kwa watoto wadogo sioni haja ya mchujo wa aina yoyote. Kwa wakubwa, kila timu au kikundi cha uwakilishi kinapaswa kuwa na shughuli ya wazi inayolingana nacho, yenye siku yake na vifaa vyake: kama kuna timu ya riadha, kuwe na siku ya mbio kwa yeyote, kama kuna kwaya ya mashindano, kuwe na kwaya ya shule isiyomkataa mtu kwa sababu ya sauti. Mwalimu anayedai kwamba hana muda wa vyote viwili apunguze siku za timu kabla ya kufuta siku za wote, kwa sababu hao wa pili ndio wengi na ndio wasio na pa kwenda kwingine.

Hoja hii haitegemei huruma ya mwalimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto uliopitishwa mwaka 1989 unaeleza katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni na sanaa, na kifungu cha 2 kinataka haki zote za mkataba huo zitolewe bila ubaguzi. Maana yake ni kwamba kucheza si zawadi ya mtoto mwenye kipaji wala mwenye tabia njema.

Zipo nyakati ambazo nafasi ni chache kwa sababu isiyohusiana na uwezo: basi lina viti thelathini, shule ina magitaa manne, chumba cha kompyuta kina mashine kumi na mbili. Hapo usichague. Ukichagua, hata kwa nia njema, utawachagua unaowakumbuka, na unaowakumbuka ni wale wale. Piga kura ya bahati mbele ya wanafunzi: andika kila jina kwenye karatasi ya ukubwa mmoja, zikunje, zitie ndani ya boksi, mwanafunzi asiyeshindania nafasi hiyo achote huku mwingine akiandika ubaoni. Waliokosa waandikwe kwa mpangilio waliochotwa na wawe wa kwanza safari inayofuata, bila kuchotwa upya. Watoto huvumilia kukosa kwa bahati kuliko wanavyovumilia kukosa kwa jicho la mwalimu, na ukitaka kulithibitisha waulize.

Tangazo, saa na gharama

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini msemo huo hauwezi kuwa kanuni ya shule. Tangazo litolewe kwa mdomo na kwa maandishi, likae kwenye ubao wa matangazo walau wiki moja, liwafikie wazazi kwa lugha wanayoielewa, na lieleze wazi mambo manne: shughuli ni ipi, inafanyika lini na kumalizika saa ngapi, inahitaji nini, na kama mtu asiye na uzoefu anapokewa. Hilo la mwisho husahaulika mara nyingi, nalo ndilo humzuia mtoto mwenye haya. Baada ya tangazo, rudi kwenye orodha yako ya wasio na alama na umwalike kila mmoja kwa jina. Mtoto ambaye hajawahi kuchaguliwa husikia maneno "wote mnakaribishwa" kama maneno yanayowahusu wengine.

Saa ya shughuli huchuja watu kimyakimya. Shughuli zote zikiwekwa baada ya masomo, wanaokosa ni wale wanaosafiri mbali, wanaofanya kazi za nyumbani, na wanaolea wadogo zao. Zikiwekwa siku za mapumziko, wanaokosa ni wale wenye ibada siku hiyo. Hakuna saa inayomfaa kila mtu, kwa hiyo dawa yake ni kuzungusha: klabu moja ikutane mapumziko ya mchana, nyingine ndani ya ratiba, nyingine jioni, na muhula unaofuata zibadilishane. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe za mchujo.

Kuhusu gharama, andika kwanza jumla yote ambayo mzazi atatoa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwemo ile isiyotajwa kwenye barua: raba, soksi za rangi fulani, nauli, chakula cha njiani, vazi la jukwaani, picha ya pamoja. Nimeona shughuli iliyotangazwa kuwa ya bure ikawagharimu wazazi zaidi ya ile iliyotangazwa kwa ada, kwa sababu ya vazi lililovaliwa mara moja. Ukishaiona jumla, kata kila kisicho cha lazima. Kwa vilivyobaki, shule iwe na kabati la vifaa ambalo kila mwanafunzi, awe na chake nyumbani au asiwe nacho, huchukua cha saizi yake kwa kutia saini katika daftari moja. Utaratibu ukiwa wa wote, hakuna atakayejulikana kwamba amevaa cha kuazima. Majina ya wasiolipa yasisomwe wala kubandikwa popote. Aidha, shughuli yoyote inayofanyika ndani ya saa za masomo au inayohesabiwa katika alama za mwanafunzi isimwache mtoto kwa sababu ya fedha; shule isiyoweza kuwapeleka wote kwenye ziara hiyo itafute ziara nyingine.

Mchujo wenyewe

Pale ambapo mchujo hauepukiki, vigezo viandikwe na kutangazwa kabla ya siku yenyewe, na viwe vinavyopimika. "Nidhamu ya mchezo" na "muonekano" ni milango ya nyuma. Mwalimu akibanwa hawezi kueleza ni kwa vipi huyu alipata nane na yule sita. Kwa mdahalo, kwa mfano, karatasi ya alama inaweza kuwa na safu tatu tu: kujenga hoja kwa ushahidi, kujibu hoja ya mpinzani, na kusikika hadi nyuma ya ukumbi. Lafudhi isiwe na safu. Nimewahi kukaa na wenzangu wawili tukimsikiliza mvulana aliyekuwa akitamka maneno kwa lafudhi ya kwao. Mmoja wetu alimpa alama ndogo katika kila safu, na tulipomuuliza ni hoja ipi aliyoishindwa, aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu, kisha akaomba kifutio.

Watathmini wawe wawili au zaidi, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Wakianza kwa kuzungumza, mwenye cheo kikubwa au sauti kubwa ndiye anayechagua na wengine wanaafiki. Mwenye mtoto, ndugu au mwanafunzi wa masomo ya ziada kati ya wanaojaribiwa akae pembeni kwa kundi hilo, bila kuona haya wala kuonewa haya. Wachezaji wavae namba, na namba ndizo ziandikwe kwenye karatasi, ili sifa ya mwaka jana isicheze kwa niaba ya mtu. Mchujo ufanyike kwa siku mbili au zaidi, kwa kuwa kuna mtoto aliyelala vibaya na kuna aliyeamka na bahati.

Kwa uimbaji na ala za muziki ipo njia rahisi zaidi. Mwaka 1952 okestra ya Boston Symphony nchini Marekani ilianza kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya pazia, ili wasikilizaji wahukumu sauti pekee. Okestra nyingine kubwa za nchi hiyo zilifuata katika miaka ya 1970 na 1980, na baadhi zilitandika zulia ili mlio wa viatu usifichue kama anayeingia ni mwanamke au mwanamume. Shule haihitaji okestra wala zulia: shuka lililotundikwa kwenye kamba linatosha kumfanya mwalimu wa kwaya asikie asiyemtarajia.

Lipo jambo moja ambalo walimu wa michezo wenye uzoefu mkubwa hulipuuza, nalo ni mwezi wa kuzaliwa. Darasa au kundi la umri likipangwa kwa kuanzia Januari, mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka uleule huhesabiwa kuwa rika moja, ingawa wanapishana takribani miezi kumi na miwili. Kwa mtoto wa miaka minane, hiyo ni sehemu moja ya nane ya maisha yake yote. Mkubwa ana mbavu pana na miguu mirefu, anachaguliwa, anapata mazoezi zaidi, na mwaka unaofuata anaonekana kuwa na kipaji kikubwa zaidi kwa sababu alifundishwa. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa wachezaji wa hoki ya barafu wa ngazi ya juu nchini Kanada, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho, na tangu hapo hali hiyo imeonekana katika soka na michezo mingine mingi. Chukua kikosi chako, andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina, na uhesabu. Ikiwa robo ya kwanza ya mwaka wa usajili ina wachezaji wengi kupita robo ya mwisho, anza kuwajaribu watoto kwa makundi ya miezi sita, au utenge nafasi kadhaa kwa waliozaliwa mwishoni, na urudie mchujo kila mwaka badala ya kuendelea na majina ya zamani.

Matokeo yasitolewe kwa karatasi iliyobandikwa ukutani huku watoto wakisukumana kuisoma. Mwambie kila aliyekosa, faraghani na kwa maneno machache, alichofanya vizuri, kimoja cha kurekebisha, na tarehe ya mchujo ujao. Dakika tatu kwa kila mtoto ni muda mwingi kwa mwalimu, nakubali, lakini ni kidogo ukilinganisha na wiki ambazo mtoto alifanya mazoezi.

Kuingia kikosini bado si kushiriki. Yupo mchezaji wa akiba aliyesafiri na timu msimu mzima, akabeba maji, akapigwa picha, na hakugusa mpira. Weka kanuni, uwaeleze wachezaji na wazazi mapema, kwamba katika mechi za kirafiki na za ndani ya shule kila aliyemo kikosini hucheza walau nusu ya muda, na katika mashindano hucheza kwa kiasi utakachokitaja. Daftari la dakika, linaloandikwa na mchezaji aliye nje, litakusaidia kuliko kumbukumbu yako, ambayo siku ya mechi ngumu huwa inapendelea.

Wasichana na wavulana

Kuwa na timu ya wasichana haitoshi kama inapata uwanja saa ya jua kali, mipira iliyochakaa na kocha asiyefika. Linganisha vitu vinavyoonekana: saa za uwanja, ubora wa vifaa, idadi ya mechi, siku za kocha, na nani hutangazwa asubuhi akishinda. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, ni mfano wa kile kinachoweza kutokea. Mwaka wa masomo 1971–72 wasichana waliocheza katika timu za sekondari nchini humo hawakufika 300,000. Miongo michache baadaye walikuwa zaidi ya milioni 3. Wasichana wa 1971 hawakukosa hamu ya kucheza.

Mavazi nayo hufukuza watu. FIFA iliruhusu rasmi vilemba na hijabu katika soka mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, likafuata mwaka 2017. Shule inayomzuia msichana kwa sababu ya kujistiri kichwa inashika kanuni ambayo mashirikisho yenyewe yameiacha. Ruhusu suruali ndefu na mikono mirefu kwa anayetaka. Sare nyeupe ni tatizo lisilosemwa kwa msichana aliye katika hedhi, na wengine huacha mazoezi kwa ajili yake bila kutaja sababu. Hata Wimbledon, mashindano ya tenisi yanayosifika kwa weupe wa mavazi yake, yalianza mwaka 2023 kuwaruhusu wanawake kuvaa kaptula za ndani za rangi nzito. Badilisha bukta ziwe za rangi nzito kwa timu zote, wala pasiwe na haja ya mtu kuomba.

Wavulana nao hufungiwa nje, mara nyingi na dhihaka kuliko kanuni: kwaya, ngoma, upishi, klabu ya usomaji. Mwalimu anayecheka pamoja na wanaodhihaki amekwisha kufunga mlango.

Ulemavu na maradhi

Mtoto mwenye ulemavu huishia kupewa kazi ya kuandika magoli au kushika makoti ya wenzake, na kwenye ripoti huhesabiwa kuwa ameshiriki. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka, katika kifungu cha 30, watoto hao wapate nafasi sawa na wengine katika michezo, burudani na shughuli za mapumziko, na unataja waziwazi zile zinazofanyika ndani ya mfumo wa shule. Anza kwa kumuuliza mtoto mwenyewe anachoweza na anachotaka, kisha ubadilishe kitu kimoja kwa wakati: sheria, kifaa, uwanja au msaada.

Mabadiliko mengi ni madogo. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwenzake, wakishika ncha mbili za kamba fupi. Kwa mchezaji kiziwi, mwamuzi huinua bendera kila anapopuliza filimbi. Voliboli ya kukaa huchezwa kwa wavu ulioshushwa, na wenye miguu mizima wakikaa chini hugundua haraka kwamba si rahisi. Mchezo wa goliboli, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona vitani, huchezwa kwa mpira wenye kengele ndani, na kila mchezaji hufunikwa macho. Kwa hiyo anayeona na asiyeona huanza wakiwa sawa. Ukiucheza na darasa zima, mtoto asiyeona huwa ndiye mwalimu wa siku hiyo.

Kuhusu maradhi, uamuzi uwe wa mzazi na mtaalamu wa afya, usiwe wa hofu ya mwalimu. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kufanya mazoezi iwapo dawa yake ya kuvuta iko karibu na mwalimu anajua la kufanya. Andika katika karatasi moja dalili za hatari, dawa ilipo na namba ya kupiga, na uibebe karatasi hiyo uwanjani.

Alama za darasani na adhabu

Shule nyingi humtoa mwanafunzi katika klabu akishuka alama. Siafiki utaratibu huo kwa shughuli za wazi. Mtoto aliyekata tamaa darasani mara nyingi anakuja shuleni kwa sababu ya mpira au ngoma, na ukimwondolea hicho umemwondolea sababu ya kuja. Kwa timu za ushindani sharti la masomo linaweza kuwepo, ilimradi lipime juhudi na mahudhurio, na limpe nafasi ya kurudi ndani ya wiki chache. Adhabu ya nidhamu inayomzuia mtoto kushiriki itolewe tu pale kosa linapohusu usalama wa wenzake au shughuli yenyewe, iandikwe tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na isiachwe ikining'inia mpaka mwalimu atakapopoa hasira.

Malalamiko na hesabu ya pili

Malalamiko yapelekwe kwa mtu ambaye hakuchagua, na yajibiwe kwa maandishi kabla shughuli haijafanyika. Jibu linalokuja baada ya safari halimsaidii aliyeachwa. Mwanafunzi aruhusiwe kulalamika mwenyewe, si kupitia mzazi tu, kwa kuwa wazazi wanaojua kulalamika ni wale wale ambao watoto wao huchaguliwa. Hifadhi karatasi za alama za mchujo kwa mwaka mzima. Mwalimu aliyezitunza hana cha kuogopa akiulizwa.

Mwisho wa mwaka rudia kazi ya penseli kwa rejista ileile. Katika darasa lile la wanafunzi arobaini na wawili, tulipohesabu tena baada ya mwaka mmoja, waliobaki bila alama walikuwa saba. Wanne walituambia kwamba wanapenda kwenda nyumbani kupumzika, tukawaacha. Wawili walikuwa bado wanabanwa na saa, na klabu moja ikahamishiwa mchana kwa ajili yao. Wa saba alisema kwamba angependa sataranji lakini hajui kuicheza, na tangazo letu, ambalo mimi ndiye niliyeliandika, lilisema "wachezaji wa sataranji wakutane chumba cha nne." Tuliling'oa siku hiyohiyo tukabandika jingine: "Wanaojua na wasiojua sataranji wakutane chumba cha nne."